Shika Tochi, Mwite Mwenzako

Kijana wa Mbebe, ni nani anayewajua nyoka wa kata yako? Ukiuliza watu hapa Ileje, watakutajia chatu, swila, kifutu na koboko. Waliobaki wote wataitwa koboko mpaka ithibitike vinginevyo, na uthibitisho wenyewe hufanywa kwa rungu. Mimi nakuomba ufanye jambo gumu zaidi: toka usiku na mwenzako mmoja, uwatafute, uwatazame, uwaache walipo.

Usiniambie kazi hiyo ni ya wageni. Mwaka 2011 watafiti Michele Menegon, Tim Davenport na Kim Howell walitangaza nyoka ambaye sayansi ilikuwa haijamjua, kutoka Nyanda hizi hizi za Juu Kusini. Ni nyoka wa vichakani, mweusi na manjano, mwenye pembe juu ya macho. Walimpa jina la Matilda, binti wa Davenport, na mahali anapoishi wakapaficha makusudi, kwa kuhofia wanaouza wanyama nje. Kabla ya hapo, mwaka 2003, wawindaji wa Kinyakyusa ndio waliowadokeza watafiti habari za kipunji, yule kima wa Rungwe. Mwenyeji alijua, mgeni akaandika. Hata C.J.P. Ionides, yule Bwana Nyoka wa Liwale aliyefariki mwaka 1968, alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa nchi hii akitegemea wanakijiji waliomletea habari za mahali nyoka alipo. Jina lake limo vitabuni. Ya kwao yako wapi? Nunua daftari, uandike lako!

Nenda wakati wa masika, mvua ikishakatika na vyura wanapiga kelele, maana chakula cha nyoka wengi kiko nje. Mmoja atangulie akimulika chini. Wa pili amulike matawi. Msibadilishane bila kuambiana, kwani wote wawili mkiangalia juu hakuna anayemwangalia kifutu, na kifutu hakimbii. Hutulia kama kipande cha gogo akitegemea rangi yake, ndiyo maana watu humkanyaga. Vaeni gambuti. Msitie mkono shimoni wala chini ya jiwe.

Juu kwenye matawi kuna raha yake. Nyoka wa mitini wanaowinda mchana hulala huko wamejikunja, na kinyonga aliyelala hupauka hata akaonekana toka mbali. Macho ya komba yatakurudishia mwanga wa tochi. Ya nyoka usiyategemee. Tafuta umbo: mviringo ambao tawi haliwezi kuufanya. Jicho hujifunza taratibu, na siku litakapofunguka utashangaa ulikuwa unapita chini ya wangapi ukienda kuteka maji.

Mkimpata, simameni mbali, pigeni picha, andikeni saa, mahali na hali ya hewa. Kumkamata kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kibali si utani.

Sasa kwa nini wawili? Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka. Akiumwa mmoja, mwenzake ndiye atakayemtuliza, amvue pete na saa, azuie kiungo kisitikisike na kumkimbiza hospitali. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kukaza. Swila akitema machoni, osha kwa maji safi mengi, kisha hospitali vilevile. Kwa hiyo kabla hamjatoka ulizeni ni hospitali ipi yenye dawa ya sumu ya nyoka, na bodaboda yupi ataamka saa nane usiku akipigiwa simu. Mwenzako asiyekubali kuuliza maswali hayo hafai, tafuta mwingine.

Jambo moja bado, nalo watu hulisahau. Huku kwetu watu wawili wenye tochi vichakani usiku huitwa wezi, au jina baya zaidi. Muageni mwenyekiti wa kitongoji, mwambieni mnapita upande gani na mtarudi saa ngapi. Akicheka, mkaribisheni. Mvua ya kwanza ikinyesha, msisubiri ya pili.