Deni la Mshono wa Ndani

Ziko kazi ambazo mkaguzi hazifikii. Mtu anaponunua kitambaa kwa fedha zake, akajishonea kitu chake, ili akitumie peke yake, je, kuna yeyote anayemdai uaminifu? Akiilipua kazi hiyo, amemdhulumu nani?

Swali hili nililetewa na mjukuu wangu, kijana wa chuo anayependa kutembea milimani. Alikusudia kwenda kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, mwendo wa siku kadhaa katika milima ya Usambara, kisha ashuke mpaka tambarare iliyo chini yake, ambako mbu ni wengi kuliko huko juu kwenye baridi. Malazi yote angeyabeba mgongoni. Kwa hiyo aliamua kushona hema la ndani la wavu: chumba kidogo cha chandarua chenye sakafu isiyopitisha maji, kinachotundikwa chini ya turubai jepesi. Turubai huzuia mvua, wavu huzuia wadudu, na chumba chote hakifiki uzito wa kilo moja. Kwa kuwa cherehani ni yangu, na kazi za mikono niliwahi kuzifundisha, nikawa fundi mshauri.

Wasafiri wa namna hii hawakuanza leo. Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea njia nzima ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na mfuko alioushona mwenyewe na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Baadaye Ray Jardine na mkewe Jenny walijishonea vifaa vyao vya safari, na kitabu chake cha mwaka 1992 kiliwafunza wengi kwamba mzigo mwepesi huanzia kwenye sindano ya mwenye safari.

Turudi kwenye wavu wetu. Ajabu ya chandarua ni kwamba sehemu yake kubwa ni matundu. Chandarua cha kawaida huwa na matundu 156 katika kila inchi ya mraba, na mbu hapiti katika hata moja. Lakini pakiwa na mwanya mmoja tu usio na kipimo, yale maelfu mengine yote hayana faida. Kwa hiyo usalama wa hema hili umo katika mishono, hasa ile ya pembeni, pale wavu, sakafu na zipu vinapokutana. Hapo kitambaa huteleza, wavu huvutika, na pini haifai kwa sababu hutoboa sakafu. Inabidi kubana kwa vibanio, kukunja kingo mbili ziumane, kisha kupiga mshono mara mbili.

Kijana alipofika kwenye pembe ya nne alikuwa amechoka. Akapiga mshono mmoja wa haraka, ukaacha upenyo wa kuingiza kidole. Nikamwambia aufumue.

“Babu,” akasema, “hapo ni chini kabisa, nani ataona? Na atakayelala humo ni mimi mwenyewe.”

Hoja yake ilikuwa na nguvu. Fundi na mteja wakiwa mtu mmoja, deni na msamaha hukaa katika mfuko mmoja. Hata hivyo nadhani alikosea, kwa sababu mbili.

Kwanza, anayeshona mchana na anayelala usiku si mtu yule yule kwa kila hali. Mshonaji ana taa, ana uzi, na akiamua kupumzika anaweza kuendelea kesho. Mlalaji yuko gizani, mbali na cherehani, amelala usingizi. Yule wa mchana anamsamehe deni yule wa usiku pasipo kumuuliza. Tungemwita mtu gani anayejisamehe deni ambalo mdai wake hayupo?

Pili, wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Akiugua malaria huko njiani, mwenzake ndiye atakayembeba, mama yake ndiye atakayekesha kando ya kitanda. Hema lenyewe nalo litaazimwa, maana katika nchi yetu kitu kizuri hakikosi mwazimaji. Mwazimaji hataijua ile pembe ya nne. Kile tunachokiita changu peke yangu ni kigumu kukipata ukikitafuta kwa makini.

Msomaji atauliza: basi kila mshono upigwe mara tatu, na kila kitambaa kiwe kinene? Hapana. Hema la hivyo lingekuwa imara na lingebaki nyumbani kwa uzito wake. Mama Gatewood hakubeba hema kabisa, wala hakuna anayeweza kusema alilipua safari yake. Kuzidisha nguvu kila mahali ni njia nyingine ya kukwepa kufikiri. Uaminifu wa fundi ni kujua mshono upi umebeba uhai wa mtu, na hapo asijihurumie. Na upi ni pindo tu, hapo asipoteze uzi.

Kijana alifumua, kwa kununa kidogo, akashona upya.

Nimekaa miaka mingi katika chuo cha ualimu, na nimewaona wanafunzi walioandika andalio safi la somo siku waliyojua mkaguzi anakuja katika mazoezi ya kufundisha. Siku hizo sikuzihofia. Nilizihofia zile nyingine, mia na zaidi kwa mwaka, ambazo mlango wa darasa ulifungwa na ndani akabaki mwalimu na watoto arobaini wasiojua kama wamefundishwa vizuri au vibaya. Mtoto hawezi kuukagua mshono. Atalala ndani yake miaka ishirini baadaye, usiku, mahali ambapo mwalimu wake hayupo.