Nani Anaiambia Mizani Sifuri Iko Wapi?

Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akiwasha mizani ya kidijitali asubuhi ya msimu wa pamba, kioo chake huonyesha namba 8 mstari mzima, kisha hushuka hadi sifuri. Haichukui hata dakika. Wakulima walioleta pamba kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe kutoka vijiji vya Bariadi hawana habari na kioo hicho, wanasubiri kilo. Lakini jambo kubwa la siku limeshaamuliwa. Kila gunia litakalopanda jukwaani litahesabiwa kuanzia ile sifuri, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Imetoka kwenye programu. Chini ya jukwaa kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno mzigo ukikilemea, na kupinda huko hubadilisha umeme unaopita kwenye nyaya zilizobandikwa juu yake. Chipu huusoma umeme huo, huuzidisha kwa namba iliyohifadhiwa siku mizani iliporekebishwa, na kutoa kilo. Mizani inapowaka, programu dhibiti iliyomo ndani ya chipu hujikagua na kutamka kwamba uzito uliopo jukwaani sasa ndio sifuri. Kanuni za kimataifa za vipimo huiruhusu kufuta hivyo uzito usiozidi asilimia 20 ya uwezo wake. Mizani ya kilo 300 ikiwashwa huku kitu cha kilo 40 kimeachwa juu, inaweza kukiita sifuri bila hitilafu yoyote. Kitu hicho kikiondolewa, kila gunia litapunjwa kilo 40 mpaka mizani irudishwe sawa. Mwenye jicho kali ataona alama ya kutoa kwenye kioo kabla gunia la kwanza halijapanda. Asiyeangalia ataondoka na stakabadhi yake.

Hapo ndipo swali la zamani la falsafa linapoingia katika mkoa wa wakulima hawa, unaoongoza nchini Tanzania kwa kilimo cha pamba. Kila kinachopima kimepimwa na kingine. Mizani ya kituo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa mawe ya uzito, na mawe hayo nayo hulinganishwa na mengine yaliyo bora zaidi, hadi mwisho wa mnyororo. Je, cha mwisho kinathibitishwa na nani? Kuanzia 1889 kilikuwa kipande cha madini ya platina na iridi kilichofungiwa karibu na Paris, na kilo ilikuwa kilo kwa sababu kipande hicho kilisema hivyo. Ludwig Wittgenstein, akiandika juu ya fimbo ya mita ya Paris, alisema hicho ndicho kitu pekee ambacho huwezi kusema kina urefu wa mita moja, wala kwamba hakina. Tarehe 20 Mei 2019 kipande cha Paris kiliachwa, na kilo ikafungwa kwenye namba isiyobadilika ya fizikia. Msingi ulibadilishwa bila duka hata moja kufungwa. Swali, hata hivyo, lilihama tu: sasa tunaamini vyombo vinavyoisoma namba hiyo.

Waandishi wa programu wanaishi na swali hili kila siku, na jibu lao linastahili kusikilizwa na watu wa dini na falsafa. Kompyuta inapowashwa, kiini cha mfumo endeshi, Linux kwa mfano, huamka bila kujua kiko wapi. Hakijui kumbukumbu ni kubwa kiasi gani wala vifaa gani vimeunganishwa. Anayekiambia ni programu dhibiti iliyotangulia kuwaka. Katika kompyuta nyingi za leo mazungumzo hayo hufuata utaratibu uitwao UEFI, uliochukua nafasi ya BIOS ya enzi za kompyuta ya IBM ya 1981. Kiini huomba ramani ya kumbukumbu, na ramani huja na namba yake. Kikiwa tayari kushika usukani, hutamka amri ya kuiaga programu dhibiti na kuirudisha namba ile. Kama ramani imebadilika katikati, amri hukataliwa, na kiini hulazimika kuomba ramani mpya. Hakiruhusiwi kuanza kazi kwa ushahidi uliopitwa na wakati.

Lakini je, aliyetoa ushahidi ni mkweli? Si kila mara. Zipo programu dhibiti ambazo, baada ya kuagwa, huendelea kugusa sehemu za kumbukumbu zilizodai kuziachia. Waandishi wa Linux walipoligundua hilo hawakuikataa mashine wala hawakujifanya hawajaona. Waliandika upya hatua za kuwasha, ili kiini kisiziguse sehemu hizo mpaka hatari ipite. Kikikutana na maelezo yasiyowezekana, huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba programu dhibiti ina kasoro, kisha huendelea na kazi. Na kuna orodha ndefu, zinazoongezwa kila toleo, za vifaa vinavyojulikana kusema uongo kuhusu vyenyewe, pamoja na namna ya kuishi navyo.

Anayeijua elimu ya hadithi za Mtume atakumbuka kazi ya wanazuoni waliowachunguza wapokezi mmoja mmoja, nani ana kumbukumbu nzuri, nani huchanganya, nani hukubaliwa pale tu anapoungwa mkono na mwingine. Hawakuanza kwa kuwakanusha wote. David Hume, mwaka 1748, alitaka neno la shahidi tuliamini kwa kadiri uzoefu wetu unavyoliunga mkono. Thomas Reid akamjibu 1764 kwamba binadamu ameumbwa na mwelekeo wa kuamini anachoambiwa, na bila huo mtoto asingejifunza lolote. Kuhusu mwanzo, Reid yuko karibu zaidi na ukweli, maana kiini kikikataa kuamini chochote hakiwaki kabisa. Hume anahitajika dakika ya pili.

Usukuma ililijua hili kabla ya kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, waliochoshwa na kupunjwa vituoni, waliweka wapimaji wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani ya wanunuzi. Hawakuacha kuuza na hawakudai mizani isiyo na mwenyewe. Waliongeza jicho la pili. Vuguvugu hilo ndilo lililokua, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, hadi kuzaa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, VFCU, mwaka 1955. Haki iwe pande zote, mnunuzi naye ana lake: pamba iliyotiwa maji au mchanga ni ushahidi wa uongo vilevile, nayo imekuwa kero ya miaka mingi.

Vitabu vitakatifu vimekemea wizi wa mizani kwa ukali. Sura ya 83 ya Kurani inaanza na wapunjaji wa vipimo, na nabii Amosi aliwashutumu wafanyabiashara wa Israeli kwa kosa hilohilo. Mdhambi wao, hata hivyo, anaonekana, ana mkono na mkono uko kwenye mizani. Mizani ya leo inaweza kuongopa huku karani akiwa mcha Mungu, kwa sababu namba ilibadilishwa ndani ya chipu na fundi aliyeondoka zamani. Nia mbaya ya mmoja inafanya kazi kupitia mikono safi ya mwingine. Hilo halimwondolei karani wajibu, bali linaupanua: amana aliyopewa sasa inahusu pia kujua nani aligusa programu, na lini.

Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo endeshi wa Unix, alichapisha mhadhara ulioonyesha kwamba mlango wa siri unaweza kufichwa ndani ya chombo kinachotengeneza programu, na hata usomaji makini wa maandishi yote ya programu usiuone. Wengi waliona hapo kuna ukuta. Miaka 25 baadaye David Wheeler alieleza kwa kina njia ya kuupita: tumia chombo cha pili, kilichotengenezwa na watu wengine, kisha linganisha matokeo. Wapimaji wa Kanda ya Ziwa wangemwelewa bila kufundishwa.

Lakiri ya Wakala wa Vipimo hulinda sanduku la mizani, haimwonyeshi mkulima kilichomo ndani. Baadhi ya mizani za kidijitali, kwa bahati nzuri, zina kihesabio kinachopanda kila marekebisho yanapoguswa, na hakirudi nyuma. Siku ya ukaguzi, namba hiyo iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kituoni, mbele ya wanachama. Programu ikihitaji kubadilishwa katikati ya msimu, ibadilishwe wakiwepo, gunia lilelile lipimwe kabla na baada, na namba mpya iandikwe chini ya ile ya zamani.