Mtoto Analelewa na Nani?

Somo: 1 Samweli 1:20–28, 2:12–25, 3:1–14



Hapa kwetu Chawia wapo watoto wadogo wanaolelewa na nyanya. Mama yuko Mombasa, baba yuko Voi au kwenye mkonge kule Mwatate. Hawakuwatupa watoto; wanatafuta unga na karo. Sasa, mtoto kama huyo akiharibika, lawama ni ya nani?

Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli. Lakini tazameni nyumba ya Eli kule Shilo. Hofni na Finehasi walikuwa wanawe. Samweli naye aliletwa hapo hapo baada ya kuachishwa kunyonya. Wale wawili waliidharau sadaka ya Bwana. Huyu akawa nabii. Ni neema, amina! Lakini neema hiyo ilipitia kwa watu.

Hana alikuwa mbali, ila kila mwaka alimshonea mwanawe kanzu ndogo akampelekea. Hebu fikiri: utamshoneaje mtoto kanzu kama hujui amerefuka kiasi gani? Mama yule aliendelea kumjua mwanawe.

Na Eli je? Wanawe aliwaonya wakiwa watu wazima tayari, wala hakuwazuia. Lakini usiku ule Samweli alipomwendea mara tatu, mzee hakumfukuza kwa ukali. Alimsikiliza, kisha akamfundisha namna ya kumwitika Mungu.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo wenye mambo matano: afya, lishe, usalama, kujifunza mapema, na kumwitikia mtoto. Hilo la mwisho halinunuliwi kwa M-Pesa. Mtoto anayeita bila kuitikiwa, mwisho huacha kuita.

Basi mzazi uliye mbali, ukipiga simu usiulize tu kama pesa imeingia. Omba uongee na mtoto. Muulize amecheza na nani leo, jino gani limeng'oka.

Nanyi jirani? Nyanya ana shamba, ana kuni, na miguu inauma. Peke yake hatoshi. Mtoto akipita kwako akitoka chekechea anasikia nini, salamu au matusi? Anaona nini, watu wakisameheana au wakilewa?

Siku mtoto anapowekwa wakfu hapa mbele, sote husema amina. Amina hiyo ni ahadi. Kwa hiyo akiharibika, tusimnyoshee kidole mama yake peke yake. Na sisi tutaulizwa.

Wiki hii mwite mtoto mmoja wa jirani kwa jina lake, umsikilize mpaka amalize.

Bwana atusaidie. Amina.