Asili ya Kiambato na Hukumu Yake

Neno "asilia" limekuwa hirizi ya biashara ya vipodozi. Utalikuta kwenye chupa za losheni zinazopangwa madukani Kariakoo na Eastleigh, kwenye makopo ya mafuta ya nazi, na kwenye sabuni za manjano na mwarobaini. Mara nyingi pembeni yake huandikwa kwamba bidhaa "haina kemikali", ahadi ambayo hata maji safi hayawezi kuitimiza. Mnunuzi akilisoma hutulia, kwa kuwa ameambiwa kitu kilikotoka, naye akachukulia kwamba ameambiwa kitu kilivyo. Nyuma ya utulivu huo lipo swali ambalo wanafalsafa na mafakihi wamelibishania kwa karne nyingi: je, asili ya kitu inatosha kukitolea hukumu? Nadai kwamba haitoshi. Anayetaka kulinganisha viambato viwili kwa haki hana budi kuuliza maswali matatu, na asiyachanganye: kitu hiki sasa ni nini, kimo kwa kiasi gani, na kimepatikana kwa njia ipi. Mawili ya kwanza yanaihusu ngozi, na la tatu linaihusu dhamiri. Neno "asilia" linayakoroga yote matatu pamoja, na mwisho wake ngozi hailindwi wala dhamiri haipati jibu.

Tuichukue yuria. Mkulima wa mahindi anaijua kama mbolea ya chembechembe nyeupe. Tabibu anaijua kama taka ambayo figo huitoa mwilini kwa njia ya mkojo. Mtaalamu wa ngozi anaijua kama dawa nzuri ya ngozi kavu na magaga ya miguu, tena anajua kwamba tabaka la juu la ngozi yenyewe huiweka yuria ili lishike maji. Mwanzoni mwa karne ya 19 wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba vitu vya aina hii huzaliwa ndani ya viumbe hai tu, kwa nguvu ya uhai isiyopatikana katika vyombo vya maabara. Mwaka 1828 mkemia Mjerumani, Friedrich Wöhler, aliipata yuria maabarani bila figo ya mtu wala ya mnyama, na yuria hiyo haikutofautiana kwa lolote na ile ya kwenye mkojo. Leo viwanda huitengeneza kwa amonia na hewa ya ukaa. Anayepaka krimu ya yuria hapaki mkojo, na wala hapaki kitu kigeni kwa mwili wake. Molekuli haina kumbukumbu ya mahali ilipozaliwa, na ngozi inapokutana nayo hupambana na jinsi ilivyo sasa, basi.

Yuria hiyohiyo inatufundisha pia kwamba jina peke yake halikamilishi hukumu. Ikiwa asilimia 10 ya krimu, huvuta maji na kulainisha ngozi. Ikifika asilimia 40, huyeyusha ngozi iliyokomaa na kulainisha hata ukucha mgonjwa uweze kuondolewa. Mtu aliyeisifu kwa kusoma jina na mtu aliyeilaani kwa kusoma jina wote wawili wamehukumu kabla ya ushahidi kufika. Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, alifundisha kwamba kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu, na kila duka la vipodozi lingali darasa la somo hilo.

Sasa tutazame vitu ambavyo hakuna awezaye kuvinyima sifa ya uasilia. Zebaki haikubuniwa na kiwanda chochote. Imo ardhini tangu dunia ilipokuwa. Ikitiwa katika sabuni au krimu huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na mtumiaji akafurahia weupe huku zebaki ikipenya hadi kwenye figo. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulizitaja kwa jina krimu na sabuni za kung'arisha ngozi na kuweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza nje zile zenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki katika milioni. Ndimu nayo ni tunda la shambani, lakini maji yake yakibaki juu ya ngozi inayopigwa na jua huweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki au miezi, kwa sababu zimo ndani yake mada zinazoamshwa na mwanga. Mfano unaochoma zaidi ni wa arbutini, inayotolewa katika majani ya mmea wa nchi za baridi na kusifiwa kuwa mbadala wa asili wa haidrokwinoni, ile iliyopigwa marufuku katika vipodozi Tanzania, Kenya na Rwanda. Ukiifungua arbutini unakuta ni haidrokwinoni yenyewe iliyofungwa pamoja na sukari, na fundo hilo huweza kufunguka. Hata ikiwa kwa kiasi kidogo haina madhara ya yule ndugu yake, utetezi wake lazima utoke kwenye kiasi na vipimo. Kutoka kwenye jani si utetezi.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliliona tatizo hili kwa mapana katika insha yake juu ya maumbile, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Kwa maelezo yake, "maumbile" yana maana mbili. Yakiwa ni kila kilichopo na nguvu zake zote, basi hakuna kinachoweza kutoka nje yake, na kiwanda cha yuria kimo ndani yake sawa na mnazi. Yakiwa ni yale tu yanayotokea bila mkono wa binadamu, basi kuyafuata kama mwongozo kungetukataza kuchimba kisima, kupika chakula na kuganga jeraha. Kwa maana ya kwanza sifa ya uasilia haitenganishi kitu na kitu. Kwa maana ya pili inatenganisha, lakini mstari unaouchora haupiti kati ya kinachofaa na kinachodhuru.

Hapa litakuja pingamizi lenye heshima yake. Mtu atasema: sidai kwamba kila cha asili ni chema, nasema kwamba mafuta ya nazi na liwa vimetumiwa na bibi zetu vizazi kwa vizazi, na muda huo ni jaribio kubwa kuliko la maabara yoyote. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na mtu mwenye busara hataitupa. Muda mrefu wa matumizi ni ushahidi, hasa juu ya madhara yanayojitokeza upesi: kinachowasha, kinachobabua, kinachovimbisha uso siku hiyohiyo. Lakini jaribio la vizazi lina upofu wake. Wanja wa jadi umepakwa machoni kwa maelfu ya miaka, na aina zake nyingine husagwa kutokana na jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi. Risasi haimlizi mtoto siku anapopakwa. Huingia mwilini kidogo kidogo na kudhoofisha ubongo unaokua, kwa mwendo wa taratibu ambao hakuna bibi aliyeweza kuufuatilia kutoka kwenye kijaluba cha wanja hadi kwa mtoto mzito wa kujifunza. Basi tunayoyapokea kwa wazee tuyapokee kama ushahidi mzuri wa aina moja, na tukubali kwamba ipo aina nyingine ambayo macho hayatoshi kuiona. Tena sifa ya mafuta ya nazi inatokana na kujaribiwa kwa muda. Kuipeleka sifa hiyo kwa dondoo la mmea lililoingia sokoni juzi, kwa kuwa tu nalo ni la mmea, ni kumvalisha mgeni kanzu ya mwenyeji.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa muumini. Glisarini inayolainisha losheni huweza kutoka kwenye mafuta ya mawese, ya ng'ombe au ya nguruwe, na hata kutengenezwa kwa mazao ya petroli. Kwa Mwislamu anayejiandaa kuswali, kuambiwa kwamba molekuli ni ileile hakumalizi mambo. Mafakihi wanaijua mada hii kwa jina la istihala, yaani kugeuka kwa kitu kutoka dhati moja kwenda nyingine. Hawahitilafiani kwamba mvinyo uliogeuka wenyewe ukawa siki ni tohara. Baada ya hapo njia zinaachana. Wahanafi, kwa kauli inayotegemewa kwao, wanaupanua mlango: mnyama aliyetumbukia katika machimbo ya chumvi akageuka chumvi amekuwa chumvi, na sabuni iliyopikwa kwa mafuta najisi ni tohara, kwani mafuta yale hayapo tena. Ibn Hazm wa Andalusia, katika karne ya 11, alishikilia kwamba hukumu hufuata sifa na jina, navyo vikiondoka hukumu huondoka. Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, wanaubana mlango huo: kilicho najisi kwa dhati yake hakitohariki kwa kugeuka, isipokuwa katika mambo machache kama siki iliyojigeuza na ngozi ya mzoga iliyodibaghiwa, tena isiwe ya mbwa wala ya nguruwe.

Je, msimamo wa Mshafii unaivunja hoja yangu? Unaivunja iwapo tu maswali yale matatu yamechanganywa. Mshafii hadai kwamba glisarini ya nguruwe itaunguza ngozi kuliko ya mawese. Anachosema ni kwamba ibada ina masharti yake, na katika masharti hayo njia ambayo kitu kimepitia huhesabiwa. Hilo ni swali la tatu, nalo ni halali kabisa, na mkemia hana mamlaka ya kulifuta. Si la dini peke yake. Skwaleni, mafuta mepesi ambayo ngozi yetu nayo huyatoa, hupatikana katika ini la papa, katika zeituni, na siku hizi katika sukari ya miwa iliyochachushwa. Kwa ngozi inayopokea skwaleni safi, chanzo hakina uzito. Kwa mtu anayejali kupungua kwa papa baharini, chanzo ndicho kila kitu. Anayekataa ile ya papa hakosei kemia, kwa sababu anachokipima ni matendo ya watu. Na hapohapo ndipo neno "asilia" linapoanguka kabisa, hata kwa wale lililodai kuwahudumia. Mafuta ya nguruwe ni asilia. Ini la papa ni asilia. Mwislamu aliyenunua kwa kulitegemea neno hilo, na mpenda bahari aliyefanya vivyo hivyo, hawakuambiwa walichotaka kujua.

Maswali yakitenganishwa, kulinganisha kunawezekana, na lebo ya nyuma inaanza kusema. Kwa utaratibu unaofuatwa katika nchi nyingi, viambato hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi, na vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kufuatana vyovyote. Kwa hiyo mmea uliochorwa kwa rangi kubwa mbele ya chupa, lakini jina lake nyuma likaja baada ya vihifadhi na manukato, kwa kawaida umo kwa tone tu. Maji yakitangulia, yakifuatwa na glisarini, unajua unalipia nini hasa. Hata hivyo lebo hiyo nayo ina mipaka. Swali la kwanza inalijibu kwa sehemu, maana neno moja la manukato huweza kufunika vitu vingi, vikiwemo vinavyowadhuru wenye mzio. La pili inalijibu nusu, kwa kuwa mpangilio si kipimo. La tatu haligusi: glisarini imeandikwa glisarini, na hakuna sheria ya mpangilio inayomlazimisha mwenye kiwanda aseme ni ya mawese au ya mnyama.

Litabaki pingamizi la mtu wa kawaida: mnunuzi hana muda, hana miwani ya kusomea maandishi madogo, na majina ya Kilatini hayajui, mwacheni na neno "asilia", ndiyo njia yake ya mkato. Ni kweli kwamba kila mtu hawezi kuwa mkemia, na hakuna maadili yanayomtwisha mtu asichokiweza. Ila udhaifu wa mnunuzi unahamishia wajibu kwa yule anayejua, hauufuti. Sheria ya Kiislamu ya biashara inaliona hilo katika khiyari ya aibu: muuzaji aliyeficha kasoro ya bidhaa hujikuta bidhaa inaweza kurudishwa, kwa kuwa mwenye elimu ya kitu ndiye anayedaiwa kusema. Serikali nazo zimejitwika sehemu ya mzigo huo, kama ilivyo Tanzania ambako tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Kwa kipimo hicho mkorogo, unaochanganywa kwa mkono na kuuzwa katika kopo lisilo na maandishi, ndio bidhaa mbovu kuliko zote, hata kabla hatujajua umetiwa nini. Unamnyima mtu majibu ya maswali yote matatu kwa mpigo. Lakini chupa ya bei ghali yenye neno "asilia" mbele na ukimya nyuma inatofautiana na mkorogo kwa daraja tu. Zote mbili zinamtaka mnunuzi aamini bila kuambiwa.

Haki ya mnunuzi, basi, ni ndogo na inatimizika: aandikiwe chanzo cha kila kiambato kinachoweza kutoka kwa mnyama, aandikiwe kiasi cha kile kiambato ambacho bidhaa inajisifia, na aandikiwe kwa lugha anayoisoma. Mhanafi na Mshafii wataendelea kuhitilafiana juu ya sabuni, na haitakuwa kazi ya kiwanda kuwapatanisha. Kazi ya kiwanda ni kuwapa wote wawili habari ileile ya kweli, kila mmoja aamue kwa ilimu yake. Muuzaji asiyekuwa tayari kufanya hivyo hana haki ya kuliazima jina la maumbile, wala la Muumba wake, ili kuifunika bidhaa yake.