Mkono wa Karata na Mkono wa Jembe

Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mtu wa hesabu wa Tennessee, Marekani, alishinda mashindano makuu ya karata za poka mjini Las Vegas, akapata dola 2,500,000. Baadaye aliacha kazi yake, akaishi kwa karata. Je, alikosa?

Wako wasemao, "Hata mkulima hupanda kwa kubahatisha mvua, tena mchezo huo wataka akili." Twakubali. Lakini mvua ikinyesha hunywesha shamba letu na la jirani, wala mavuno yetu hayapunguzi ghala lake. Katika mashindano yale waliingia watu 839. Fedha alizotwaa mmoja zilitoka mifukoni mwa wenzake.

Basi, ndugu msomaji, yatupasa kuuliza si mshahara tu, bali hili pia: tukishiba sisi, nani atalala njaa?