Nani Anawapikia?

Mama mkubwa aliitazama filamu hadi mwisho bila kusema neno, miwani imemshukia puani, simu yangu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye kioo akashusha pumzi, akasema: "Aba bantu banapigana siku tano, ni nani anabapikia bukari?"

Nilicheka. Bukari ndio ugali wetu wa Katanga. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara mbili, karibu saa mbili za risasi kila mara, na wazo la chungu jikoni halikunipitia kichwani hata kidogo.

Filamu yenyewe ni The Siege of Jadotville, iliyotolewa na Netflix mwezi Oktoba 2016. Jadotville ni sisi. Wabelgiji waliupa mji huu wa Likasi jina hilo kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot wa kampuni ya madini ya Union Minière, na tulikaa nalo mpaka 1966. Filamu inasimulia siku chache za Septemba 1961, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe. Kikosi cha askari wa Ireland, kama 155 hivi, waliotumwa na Umoja wa Mataifa chini ya kamanda wao Pat Quinlan, kilizingirwa hapa na jeshi la Katanga pamoja na mamluki wa Kizungu. Walishambuliwa tarehe 13 asubuhi wakiwa kwenye misa, wakasalimu amri tarehe 17. Picha zilipigwa Afrika Kusini. Nasi wenye mji tuliiona kama watu wengine wanavyoona filamu hapa: unampa kijana wa sokoni flashi yako, anakujazia.

Nina marafiki kama kumi ambao wengi wao sijapata kuwaona uso kwa uso. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Nairobi, yuko dada mmoja wa asili ya Zanzibar anayeishi Muscat, na Mkongo mwenzangu aliyeko Dublin. Jumamosi usiku, kama kuran (umeme) ipo na mega zimebaki kwenye simu, kila mtu husema alichosoma au alichotazama juma hilo. Hatufanyi uhakiki. Mtu anaandika tu kwamba kitabu fulani kimemchosha, kwamba filamu fulani imemliza ndani ya basi na kondakta akamuuliza kama amefiwa. Kwa muda mrefu nimejiuliza maneno madogo ya namna hii yana maana gani. Hayamfikii aliyeandika kitabu, wala hayampunguzii aliyetengeneza filamu hata franga moja. Kesho yake yamekwisha kufunikwa na salamu za asubuhi na picha za maua.

Kuhusu filamu ya mji wetu nilijiona ni zamu yangu kusema. Niliandika maneno marefu, na neno langu zito kuliko yote lilikuwa hili: vilima vile si vyetu, nchi ile imekauka mno, Likasi ni mji wa miti. Marafiki walinishukuru. Nani angenipinga? Mimi ndiye mwenye mji. Asubuhi yake nikamsomea mama mkubwa nilichoandika, kwa majivuno kidogo. Akaniuliza, "Ilikuwa mwezi gani?" Nikamwambia Septemba. "Mwezi wa tisa, mwana wangu? Mwezi wa tisa hapa ni vumbi na moshi tu."

Kweli tupu. Mvua bado, watu wanachoma pori, na kwenye miombo majani machanga yanatoka mekundu wakati kila kitu chini yake ni majivu. Nimeishi hapa Septemba zangu zote. Lakini sikuwa nimeandika nilichoona. Nilikuwa nimeandika kitu nilichokiandaa kabla ya kubonyeza kitufe, kwa sababu nilitaka filamu ya wageni juu yetu iwe na kosa, na kosa nikalitafutia mahali pa kukaa.

Kiswahili kimelitoa neno maoni kwenye kuona, na huku kwetu kitenzi chenyewe bado kinafanya kazi hiyo mchana kweupe: mtu akitaka kutoa rai yake anaanza na "mi naona". Fundi aliyeinamia injini anasema naona, mama wa sokoni anayekataa bei yako anasema naona. Na kuona kunataka macho, macho yanakaa kichwani, kichwa kiko juu ya mwili ulioketi mahali. Ndiyo maana neno hukumu sijalipenda linapotumiwa kwa vitabu na filamu, wala zile nyota tano ambazo watu huzigawa kama mwalimu anayesahihisha daftari. Hakimu anatakiwa asahau ametoka nyumba gani. Anayetoa maoni aanze na hilo: ametoka nyumba gani, alikuwa ameketi wapi, taa ilikuwa inawaka au la. Mimi nilijifanya nimeketi Likasi, kumbe nilikuwa nimeketi kwenye kiburi cha Likasi, mahali tofauti kabisa.

Sasa turudi kwa swali la bukari, maana lilikataa kunitoka.

Ukiisoma habari ya siku zile, utakuta waliozingirwa hawakushindwa kwa risasi peke yake. Walikuwa wameishiwa risasi, ndiyo, lakini pia maji. Helikopta moja ilifanikiwa kutua na kuleta maji, ila madumu yalikuwa na mabaki ya mafuta, maji hayakunyweka. Kikosi kilichotumwa kuwaokoa kilikwama kwenye daraja la mto Lufira. Kwa hiyo mama mkubwa, ambaye hajasoma ripoti yoyote ya kijeshi, alikuwa ameweka kidole pale pale ambapo mambo yaliamuliwa: kwenye koo na kwenye tumbo.

Na kuna jambo la pili, ambalo lilinichukua siku kadhaa kulisikia. Alisema "anabapikia". Hao "ba" ni akina nani? Mimi nilidhani anawasema Wairishi, kwa sababu filamu imenifundisha kuwatazama wao. Hakuna hata mmoja wa Wairishi hao aliyeuawa katika mapigano yale. Wanaoanguka kwenye kioo, kumi kumi, ni askari wa Katanga, vijana wa huku, na sikumbuki hata mmoja wao aliyepewa jina. Nilipomuuliza mama mkubwa alikuwa akiwasema nani, alinishangaa. "Bote," akasema. Kijana anayeanguka kwenye sekunde moja ya filamu alikuwa amekula asubuhi ile, au hakula, na yuko mtu aliyelijua hilo.

Nikaituma sentensi yake kwa marafiki kama ilivyo, kwa Kiswahili cha hapa, bila kuisahihisha. (Wa Mombasa hutucheka Kiswahili chetu cha Katanga, nasi tunamwona anaongea kama kitabu cha shule. Tumesameheana.)

Kabla sijaeleza yaliyofuata, lazima nikiri jambo jingine, kwa sababu ndilo lililonifanya niyapime maneno yangu. Aprili 2025 rafiki wa Nairobi aliniandikia: "Pole ndugu yangu, mmefiwa." Mwandishi V.Y. Mudimbe alikuwa amefariki. Alizaliwa hapa hapa, Desemba 1941, mji ukiitwa Jadotville. Akafundisha Lubumbashi, kisha akaenda Marekani, akafundisha Stanford na Duke. Kitabu chake cha 1988, The Invention of Africa, kinauliza ni nani aliyeipanga Afrika tunayoikuta vitabuni, na kinaonyesha kwamba hata sisi tunaojibu mara nyingi tunajibu kwa maneno tuliyoyachukua kwenye rafu hizo hizo za wakoloni. Haya yote nilikuwa nikiyasema kwa marafiki miaka na miaka, kwa sauti ya mtu wa nyumbani. Rafiki wa Nairobi akaniuliza swali jepesi: aanze na sura ipi?

Sikujua. Kitabu sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimesoma watu waliokisoma.

Ningeweza kujificha, mtandao uko vibaya, kuran imekatika, visingizio hapa havikauki. Nikasema ukweli, na kwa adhabu nikaanza na riwaya yake ya 1973, Entre les eaux, habari ya padri Pierre Landu anayeliacha kanisa lake na kujiunga na waasi. Nilisoma polepole. Jumamosi iliyofuata maoni yangu yalikuwa mstari mmoja: "Padri huyu ananichosha, na namjua." Walilipenda neno hilo kuliko mihadhara yangu yote juu ya uvumbuzi wa Afrika. Kila mmoja akamtaja mtu wake: mjomba aliyeacha kazi ili ajiunge na chama, akakuta hata chamani anakaa pembeni, mwalimu asiyejua atasimama upande gani mpaka upande umemchagua. Tulikesha.

Mwaka 2023, tulipotazama Oppenheimer, filamu ya bomu la atomiki, ilikuwa kinyume: nilichokijua sikukisema. Mgodi wa Shinkolobwe, ambako ndiko kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, hakufiki hata kilomita 30 kutoka hapa nilipo. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York mwaka 1940, kabla Wamarekani hawajaja kuyaulizia. Saa tatu za filamu, na jina la Shinkolobwe sikulisikia. Nilikuwa nimejaa hasira, nikingoja wenzangu nao wajae. Dada wa Muscat akaandika: "Nzuri, ila maneno mengi." Basi! Nilichukia siku mbili. Leo naona alikuwa mwaminifu kuliko mimi nilivyotaka awe. Alisema kilichoonekana kutoka kwenye kochi lake, na kutoka pale Shinkolobwe haionekani, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Kazi ya kumwonyesha ilikuwa yangu, na haifanyiki kwa kumnunia.

Basi, sentensi ya bukari. Wa Dublin alijibu kwanza. Akasema askari wale waliporudi kwao walifanyiwa dhihaka miaka mingi kwa kusalimu amri, hata jeshini kukawa na tusi, "Jadotville Jack", mpaka heshima yao iliporudishwa rasmi baada ya miongo. Jina la mji wetu, tusi la watu wa mbali! Wa Mombasa akasema filamu kama ile angeipa DJ Afro aitafsiri, kwa sababu mtu kama yule hakuachii filamu ipite bila kuuliza askari amekula nini. Nakubaliana naye. Wale wanaotafsiri filamu kwa sauti juu ya sauti, wa Kenya, wa Tanzania, wa Uganda, wamejua zamani kwamba filamu na maoni juu yake vinaweza kuliwa kwenye sahani moja.

Dada wa Muscat hakuandika. Alituma sauti, dakika nne. Bibi yake alikuwa Unguja Januari 1964, siku za mapinduzi. Mlango ulifungwa, watu kumi na mmoja ndani, wakala ndizi mbichi za kuchemsha mpaka ndizi zikaisha. Alisema hadithi hiyo hajapata kuisimulia kwa mtu, si kwa sababu ni siri, ila hakuna aliyewahi kuuliza habari ya chakula. Watu huuliza nani aliuawa na nani alikimbia. Mwishoni akauliza: na mama wa Likasi, siku zile alikula nini?

Mimi nilikuwa sijamuuliza. Ninaishi naye.

Mama mkubwa ni mtu wa Jamaa, ile jumuiya iliyoanzia kwa wachimbaji na wake zao upande wa Kolwezi miaka ya 1950, wakiwa na padri Placide Tempels. Wao hufundishana kwamba mtu anahitaji uzima, uzazi na mapendo, na kwamba mawazo nayo huzaa: wazo la mtu likipokelewa na mwenzake, kuna kitu kimezaliwa kati yao. Utotoni nilidhani ni maneno ya kanisani tu. Sasa, simu mkononi, nilikuwa nikilitazama swali moja la jikoni likienda Muscat kwa sekunde chache na kurudi na bibi wa mtu mwingine.

Nikamuuliza. Mwaka 1961 alikuwa na miaka saba. Alifikiri kidogo, akasema walikula muhogo mkavu, na sombe, yaani kisamvu, isiyo na chumvi, kwa sababu duka lilikuwa limefungwa na baba yao alikataza mtu kutoka. Risasi hazikumbuki vizuri. Ile sombe anaikumbuka. Kisha akaomba nimrudishie sauti ya dada wa Muscat, akaisikiliza mara mbili, ameishikilia simu karibu na sikio kama mtu anayesikiliza redio mbovu.

"Muulize," akaniambia. "Zile ndizi, chumvi baliitosha wapi?"

Nikaandika swali, nikalituma.