Sabufa Yako, Ukuta wa Jirani

Mtu akitangaza kwamba anataka kuboresha sinema yake ya nyumbani, washauri hawakosekani. Fundi atamuuliza sebule ina ukubwa gani. Muuzaji atamuuliza ana shilingi ngapi. Mwenzake wa kazini atataka kujua sabufa ni ya inchi ngapi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza upande wa pili wa ukuta analala nani.

Leo nataka kulichukua swali hilo kwa uzito. Linaonekana ni swali la adabu tu, la kumalizia mazungumzo baada ya mambo ya maana kuamuliwa. Mimi naona ni kinyume chake. Ukilianza hilo, mengine yote yanajipanga: risiva gani, spika ngapi, na pesa iende wapi kwanza.

Tuelewane kwanza kuhusu vifaa. Risiva ninayoisema si king'amuzi. Ni amplifaya yenye milango ya HDMI, inayopokea filamu, inaigawa sauti yake na kuipeleka kwenye spika mbalimbali. Mfumo wa kawaida huitwa 5.1. Spika mbili zinakaa mbele, kushoto na kulia. Moja inakaa katikati, chini au juu ya TV. Mbili zinakaa pembeni au nyuma ya msikilizaji. Hiyo nukta moja ni njia ya besi, kazi ya sabufa. Ya katikati ndiyo ndogo kwa umbo mara nyingi, na ndiyo watu hubania pesa. Lakini katika filamu nyingi, sehemu kubwa ya maneno ya wahusika hupitia hapo. Hadithi inakaa katikati. Kishindo kinakaa kwenye sabufa. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo, maana tutairudia.

Sasa nenda Kariakoo, simama mbele ya maboksi ya muziki. Utaona wati elfu tatu, elfu tano, elfu kumi, na pembeni herufi PMPO. Namba hizo hazisemi mashine inaweza kutoa nguvu kiasi gani kwa mfululizo. Zinasema kilele cha kufikirika, cha kufumba na kufumbua, kilichopigiwa hesabu ili boksi lipendeze. Namba ya kuulizia ni ile ya RMS, na kwa kawaida ni ndogo mno ukilinganisha. Hata hiyo nayo haina uchawi tunaoudhania. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 50 hadi 100, unapata desibeli tatu tu zaidi: unazisikia, lakini hushtuki. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, inahitajika nguvu ya karibu mara kumi. Kwa upande mwingine, spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, itahitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 87. Kwa hiyo spika ndiyo ya kuchagua kwanza, risiva inafuata. Katika sebule ya kawaida, kwa sauti ya kawaida, wati chache zinatosha kwa muda mwingi wa filamu. Zilizobaki ni akiba ya matukio makubwa, au ni za kuwatambia wageni. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hizi debe lenyewe limeandikwa wati.

Kama hatupungukiwi nguvu, kwa nini basi rimoti haikauki mkononi?

Ziko sababu mbili, na zote zinaeleweka. Ya kwanza ni maneno. Filamu inanong'ona, spika za ndani ya TV zinamumunya, mtazamaji anaongeza sauti ili asikie mama mkwe amesema nini. Dakika mbili baadaye gari linalipuka kwa kiwango kilekile alichokiweka kwa ajili ya mnong'ono. Hakuwa anatafuta mlipuko. Alikuwa anaitafuta sentensi.

Ya pili imo masikioni mwetu. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs nchini Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio halizisikii sauti zote kwa usawa. Sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo hupotea kwanza. Ukipunguza muziki, sauti yote inapungua, lakini sikio linaona besi imepungua zaidi ya vingine, na wimbo uliokuwa mnene unakuwa mwembamba. Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwa moyo mweupe kabisa kwamba bila kupandisha "haifungi". Hasemi uongo. Sikio lake kweli linanyimwa kitu. Swali ni nani analipia kitu hicho.

Besi haina tabia ya kukaa ilipowekwa. Wimbi la sauti la hertz 40 lina urefu wa takriban mita nane na nusu hewani, refu kuliko sebule nyingi ninazozijua. Ukuta wa tofali unazuia vizuri sauti nyembamba: kicheko, mazungumzo, filimbi. Sauti nene inaupita, inatikisa vioo, inatembea kwenye sakafu, na katika nyumba zetu za kupanga ambazo vyumba viwili vinachangia uwazi mmoja juu ya dari, inapata barabara kabisa. Matokeo yake ni kwamba aliye ndani ya sebule anapata filamu nzima, na jirani anapata kilichobaki baada ya ukuta kuchuja maneno yote. Anapata mshindo bila hadithi. Hajui nani amekufa wala kwa nini. Anajua tu kwamba kitanda kimetikisika.

Katika nyumba ninayopanga yupo muuguzi anayefanya zamu za usiku. Analala mchana, muda ambao mpangaji wa chumba kinachofuata huwa anaangalia filamu zake, kwa haki kabisa, kwa sababu mchana ni mchana. Siku moja nilimuuliza dada huyo kwa nini hajawahi kumwambia jirani yake apunguze. Akacheka. "Kaka, nikigonga mlango leo, kesho maji yakikatika namwomba nani ndoo?"

Jibu hilo limenisumbua kuliko kelele zenyewe. Mwenye sabufa, ukimuuliza, atakuambia kwa uaminifu kuwa hakuna aliyewahi kulalamika. Ni kweli. Lakini hakuna aliyelalamika kwa sababu kulalamika kuna gharama, na gharama hiyo inamwangukia yule ambaye tayari amepoteza usingizi. Kimya cha mtu anayekuhitaji si ridhaa. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mambo yamegeuka, mshindo mkuu ndio unaozaa kimya kingi.

Tatizo hili si la uswahilini peke yake wala si la leo. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, aliushtaki muziki kwa kukosa adabu: unasambaa hadi kwa majirani wasiouomba na kuwanyima uhuru wao. Aliufananisha na mtu anayetoa mfukoni leso yenye manukato, akiwalazimisha wote walio karibu kunusa. Picha ukutani unaweza kuigeuzia kisogo, lakini masikio hayana kope.

Napenda hoja hiyo, ila naikumbuka pamoja na jambo lililotokea miaka sita kabla. Mwaka 1784, Kant alimwandikia kiongozi wa mji wa Königsberg akilalamikia wafungwa wa gereza lililokuwa karibu na nyumba yake, ambao walikuwa wakiimba nyimbo za dini kwa sauti kubwa. Aliomba waimbe madirisha yakiwa yamefungwa. Tazama nani alikuwa na nini hapo. Mwanafalsafa alikuwa na kiongozi wa kumwandikia barua. Wafungwa walikuwa na sauti zao tu. Dada muuguzi wa kwetu hana wa kumwandikia, na akiwa naye, ataulizwa kwa nini asihamie kwingine.

Kwa hiyo sitaki kuigeuza hoja hii kuwa wimbo wa kusifia ukimya. Ukimya nao una bei. Aliyejenga mbali, akaweka uzio na bustani kati yake na jirani, amenunua haki ya kupiga kelele bila kuonekana mkorofi. Mwenye chumba kimoja, kila anachofanya kinasikika, hata kukohoa. Tukisema mwenye adabu ni yule asiyesikika, tutajikuta tumewapa adabu wenye viwanja vikubwa na kuwanyima wengine wote. Tena sisi tumelelewa na sauti za pamoja. Wengi wa rika langu waliijua sinema kwenye vibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao, wakimsikiliza Lufufu akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti ya spika zilizochoka. Ngoma ya harusi nayo inatikisa mtaa mpaka usiku, na mtaa unaitikia.

Hapo ndipo watu husema: mbona ngoma hamlalamikii? Nadhani jibu liko wazi. Ngoma ina mwaliko. Unajua ni ya nani, inaisha lini, na pilau yake unaila. Kibanda kilikuwa na mlango uliofunguka kwa yeyote mwenye kiingilio. Kelele ile ilikuja pamoja na kitu chake. Sinema ya nyumbani inafunga mlango na kuvuta pazia ili giza likolee, halafu inatoa nje kile kisichomfaa mtu. Desibeli zinaweza kuwa zilezile. Kilichotofautiana ni nani amehesabiwa kuwa msikilizaji.

Sheria ipo, Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti uchafuzi wa kelele na mitetemo, na nashukuru aliyekumbuka kuiweka mitetemo. Lakini sheria inafaa baa na kiwanda kuliko inavyofaa ukuta mmoja kati ya wapangaji wawili. Pale tunabaki na dhamiri na, habari njema, tunabaki na vifaa.

Maana ukiuliza analala nani, hutaambiwa usinunue kitu. Utaambiwa ununue tofauti. Weka pesa ya kwanza kwenye spika ya katikati iliyo nzuri, maana maneno yakisikika, sababu kubwa ya kupandisha sauti imeondoka. Kama bajeti ni ndogo, spika tatu za mbele zilizo bora zitakufaa kuliko saba za bei ya chini. Kwenye risiva, acha kuangalia wati. Ulizia kama ina maiki ya kupimia chumba, kama inaongeza besi yenyewe kadiri unavyopunguza sauti, na kama ina mpangilio wa usiku, ule unaokaribisha mnong'ono na mlipuko visipishane sana. Sabufa ndogo iliyo karibu na kochi lako itakushibisha kwa sauti ndogo kuliko kubwa iliyo mbali. Isiwekwe kwenye kona, kwa sababu kona inaivimbisha besi. Isiegemezwe ukuta wa jirani. Chini yake weka sponji nzito, ipunguze mtikisiko unaoingia sakafuni. Haya hayamalizi besi yote, na asikudanganye mtu. Ndiyo maana la mwisho halina kifaa: mwambie jirani yako, kabla hujawasha, "Jamani, nimefunga muziki, ukikusumbua niambie, sitakasirika." Sentensi hiyo inahamisha gharama ya kulalamika kutoka kwake kuja kwako. Kisha siku akikuambia, usikasirike.

Najua kuna atakayesema maisha ni magumu, mtu ametafuta hela yake, mwacheni afurahi. Nakubaliana naye zaidi ya anavyodhani. Raha ya kuzama kwenye filamu ni raha ya kweli, na mtu aliyechoka anaistahili. Lakini muuguzi naye amechoka, na usingizi wake hauuzwi dukani. Kati ya raha mbili za watu wawili waliochoka, ninaona ni haki ianze kujibana ile yenye rimoti.

Basi ukifika dukani, muuzaji atafanya kile ambacho wauzaji wote hufanya: atapandisha sauti mpaka kifua kikutetemeke, akutazame usoni kama umekubali. Mwambie apunguze. Apunguze tena, mpaka mtakapoweza kuongea bila kuinua sauti. Halafu sikiliza kama bado unasikia wahusika wanasema nini. Mfumo utakaofaulu hapo ndio wa kufunga na kupakia kwenye bajaji.